Dunia Imeandama

Dunda, Bagamoyo
Jumamosi, 25 Septemba 1971

Kwa mtoto wa shangazi yangu, Bwanausi, Kipumbwi.

Assalaam alaykum. Mimi mzima, na hapa kwa kaka Kombo wote wazima, ila goti la kaka ndilo lile lile. Sijui wewe u hali gani, kifua, mgongo, na hayo macho yako usiyotaka yatajwe. Shikamoo siandiki. Ile ilikuwa ya mume, na mume ameniacha.

Sikukusudia kukuandikia. Tangu magharibi ile ya kuandama Rajabu, uliponitamkia talaka mbele ya watu wazima nje ya msikiti, nilijiapiza nisishike kalamu mpaka eda yangu iishe. Na kosa langu lilikuwa nini? Nilisema lile unalolinyooshea kidole ni wingu, mwezi ule pale juu ya mnazi wa pili. Wewe ndiye mtazama mwezi wa Kipumbwi tangu marehemu baba yako, sikatai. Lakini wingu ni wingu, Bwanausi, na watu wote waliliona.

Basi jana nimeona jambo, nikageuka kukusimulia, nikakuta hupo. Miaka thelathini na miwili nimekusimulia kila ninachokiona, na mazoea hayo hayakutoka na talaka. Kwa hiyo nakuandikia, soma usisome.

Unamkumbuka Mwishehe, yule mpiga picha mwenye duka la picha za pasipoti na za arusi? Ametengeneza sinema. Ndiyo, sinema, yeye mwenyewe, hapa hapa Bagamoyo. Kamera ndogo aliachiwa na mwalimu mmoja Mzungu aliyerudi kwao. Amehangaika nayo miaka miwili, na watu wakimwambia amepata wazimu. Sinema yenyewe haina sauti. Yeye husimama pembeni na kipaza cha bati alichokunja mwenyewe, akasema maneno ya kila mtu, ya wanaume na ya wanawake.

Habari yake ni hii. Kuna mji mmoja wa pwani ambao kila mwaka wanaume wanagombana kuhusu mwezi, huyu kauona, huyu hakuuona, hawa wafunga, hawa wala. Mwisho wanachoka, wanaamua kumpeleka mtu huko huko mwezini akae, na siku ya kuandama awapungie kandili. Wanaume wote wana udhuru. Anapelekwa mwanamke. Huyo mwanamke ni Ashatu, dada yake Mwishehe, muuza maandazi, yule asiyecheka. Na anakwenda na nini? Anakwenda na kawa.

Kawa la kufunikia chakula, nasema. Wamelipaka rangi ya fedha, wamelitundika kwa uzi wa mshipi, na uzi unaonekana kabisa. Sasa sikiliza. Ule ukingo wake una mahali mshono umeruka, na mshono ule niliuruka mimi. Kawa lile nimelisuka kwenye baraza yetu mwaka juzi, wewe ukinung'unika kwamba ukili umejaa nyumba nzima, nikampa Ashatu alipokuja kututembelea. Nimekaa pale nikiliona linapanda juu, linapita nyota za vipande vya kioo, linashuka kwenye nchi nyeupe isiyo na mti hata mmoja. Machozi yalinitoka, nakwambia kweli, na wala si ya huzuni.

Mwishehe alitaka kuiita sinema yake Bibi Yuko Mwezini. Wanawake wa mtaa wakamcheka mpaka akajifungia dukani siku nzima, ndipo mkewe akamweleza kwa nini. Sasa inaitwa Dunia Imeandama, na kwa nini inaitwa hivyo sikwambii, maana ndiyo tamu yake.

Jambo moja jingine kisha nanyamaza. Kule mwezini Ashatu alikula tende kwa mkono wa kushoto. Kila kitu alifanya kwa kushoto, kupika, kupunga kandili, hata kutia udhu alianza na mkono huo. Nikaona Mwishehe ana akili. Kaonyesha kwamba huko mambo yote yako kinyume na ya kwetu, bila kusema neno.

Eda yangu unaijua. Umri wangu si wa kuhesabu twahara tena, nahesabu miezi mitatu, na kwa kuwa ulitamka siku ya kuandama, hesabu haina shida. Huu ni wa pili.

Binti wa mjomba wako,
Chausiku


Kipumbwi
6 Oktoba 1971

Kwa binti wa mjomba wangu, Chausiku.

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Mbaruku, dereva wa lori la mbata, na inanuka nazi kavu mpaka sasa. Mimi sijambo. Kifua kimepoa. Macho yangu hayana kitu, na nakuomba usiyasemee tena kwenye karatasi ambayo Mbaruku anaweza kuifungua njiani.

Sasa nikuulize. Mwanamke yumo katika eda, anakwenda kwenye sinema? Kaka yako Kombo yuko wapi? Au goti limemzuia hata kukataza?

Na sinema yenyewe ni ya kumdhihaki nani? Kuandama kwa mwezi ni jambo la dini, si jambo la kufanyia mchezo wa kawa. Tena mtu anakula kwa mkono wa kushoto, na wewe wasifu. Mtoto mdogo wa chuo cha Kurani anajua kwamba anayekula kwa kushoto ni shetani. Mimi nikiona mtu amenionyesha hivyo mbele ya wanawake na watoto, nasimama nauzima mtambo.

Mbaruku anasema huyo Mwishehe ameomba nafasi kwenye lori, atapita nayo Saadani, Mkwaja mpaka hapa kwetu, kabla ya mfungo. Vizuri. Nitakwenda niitazame, ili nikiikataza niikataze kwa ushahidi.

Hapa wote wazima. Somoe, mke wa Mbaruku, ananiletea chakula mchana na jioni, Mungu amlipe, lakini wali wake unashikana. Kuku wako mweupe ameatamia nyuma ya pipa, hataki kuondoka. Tangawizi uliiweka wapi? Nimefungua mikebe yote.

Mtoto wa shangazi yako,
Bwanausi


Kipumbwi
Jumapili, 17 Oktoba 1971

Kwa Chausiku, binti wa mjomba.

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima na kaka goti limeshuka. Mimi mzima. Sijangoja jibu lako, kwa sababu jana nimeiona.

Nilikwenda mapema, nikakaa mbele kabisa kwenye mkeka, karibu na shuka la sinema, maana karibu naona vizuri sana. Nilikwenda nimevaa kanzu na koti, watu wajue kwamba sikuja kucheka. Mwanzo tu, akatokea mzee mmoja kwenye picha, mtazama mwezi, ameshika darubini kinyumenyume, anaitolea maelezo mbingu nzima. Kipumbwi yote ikageuka kunitazama mimi. Nilitaka kuinuka. Kisha yule mzee akajikwaa kwenye mbuzi, na wallahi Chausiku, nilicheka. Nilicheka mpaka kofia ikaanguka.

Kisha nikasahau kwamba nilikuja kutafuta ushahidi. Kawa lako nililiona, na mshono ulioruka niliuona. Nilitaka kumwambia jirani yangu kwamba hilo limesukwa nyumbani kwangu, nikakumbuka hali ilivyo. Uzi unaonekana, kweli. Mavazi ya Ashatu ni karatasi za fedha za maboksi ya chai, na kichwani amevaa sufuria iliyotobolewa dirisha. Kila kitu ukikitazama unakijua kimetoka jikoni kwa nani. Sasa nieleze, kwa nini nilimwogopea yule mwanamke? Alipokanyaga ile nchi nyeupe, akiinua mguu polepole na kuuweka polepole, nilishika mkeka kwa mikono miwili.

Na ile sehemu uliyonificha. Anafunga mfungo wake peke yake, siku zinapita, anachora mistari kwenye chumvi. Imefika ishirini na tisa, anatazama juu kutafuta mwezi, na hakuna mwezi, kwa kuwa yeye ndiye yuko juu yake. Mwishehe akanyamaza kabisa, kipaza amekiweka chini. Watu mia mbili na mtambo tu unalia. Mwanamke anazunguka, hajui afungue au aendelee, hana wa kumuuliza. Ndipo akainua uso, na kule mbali ikatokea dunia. Ni sinia la chai, nimeliona, limepakwa buluu na bado lina ua katikati. Wamelifunika kitambaa cheusi, umebaki ukingo mwembamba unang'aa. Mwishehe akasema taratibu, dunia imeandama.

Mimi nimetazama mwezi miaka arobaini. Sijawahi hata siku moja kufikiri kwamba anaweza kuwapo mtu upande wa pili, anangoja sisi ndio tuonekane. Nilirudi nyumbani nikakaa barazani, sikuwa na wa kuzungumza naye. Mwishehe nimempa mkono na nimemwambia asibadilishe kitu, hata yule mzee wa darubini.

Lakini kula, alikula kwa mkono wa kulia. Tende tatu, kwa mkono wa kulia, kama Mwislamu yeyote. Nilikuwa karibu, sikukosea. Kwa hiyo yale macho unayoyasemea, labda tuanze na ya kwako.

Mwisho wake ndio tunaogombana nao hapa. Ashatu anapunga kandili, huku chini watu wamo katika ugomvi hakuna anayetazama juu, na picha ikakatika. Mwishehe anasema ukanda ulimwishia, hakuwa na mwingine. Wengine wanasema bibi atafia huko. Mimi nimewaambia atarudi. Kawa si lipo? Kwa nini asirudi?

Ya kwetu tutayazungumza. Siku zipo.

Mtoto wa shangazi yako,
Bwanausi


Dunda, Bagamoyo
Ijumaa, 29 Oktoba 1971 (mwezi tisa Ramadhani)

Kwa Bwanausi, mtoto wa shangazi.

Assalaam alaykum, na Mungu akutakabalie funga yako. Sisi hapa tunafunga wote, hata kaka, ingawa anazunguka jikoni kuanzia saa tisa. Mimi sijambo. Tangawizi iko kwenye kibweta changu, chini ya leso ya kijani, ufunguo uko palepale. Kuku mwache, akiisha kutotoa ataondoka mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha na mara ya tatu kwa hasira. Nianze na furaha.

Nilipofika pale pa mkono wa kulia, nilimwita Ashatu. Nikamwuliza, mwanangu, kwa nini umewabadilishia watu wa Kipumbwi? Kwetu umekula kwa kushoto, kwao kwa kulia. Akanitazama kwa ule uso wake, akaniuliza, "Bi Chausiku, wewe ulikaa upande gani wa shuka?" Nikakumbuka. Mimi sikwenda kwenye sinema, kaka Kombo usimlaumu. Wanaume walikaa uwanjani, shuka likatundikwa kwenye uwazi wa ua wetu, na sisi wanawake tulikuwa ndani ya ua, upande wa nyuma. Tumeitazama sinema nzima kwa mgongo wake. Nimekaa mwezi mzima nikimsifu Mwishehe kwa akili ambayo hakuifanya, na mtaa mzima wa wanawake tulikubaliana kwamba mwezini ni watu wa mkono wa kushoto. Tumecheka mpaka mama wa jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Nimekosea mimi, wewe umeona sawa. Nimeliandika kwa mkono wangu, na sikuona uchungu wowote. Jaribu na wewe siku moja.

Ashatu amenisimulia walivyofanya. Ile nchi nyeupe ni mashamba ya chumvi, walikwenda kila Jumapili wakati wa jua kali, maana mvua ikinyesha mwezi wote unayeyuka. Ndani ya sufuria joto lilimzidi, alizimia mara mbili, na miguu ililiwa na chumvi mpaka akashindwa kukaanga maandazi wiki nzima. Mkewe Mwishehe ndiye aliyelivuta kawa, amesimama juu ya ngazi na mimba ya miezi saba. Nikamwuliza Ashatu alikuwa anafikiri nini alipoinua uso kuitazama dunia, mbona alitutoa machozi. Akasema alikuwa analitazama sinia na kuomba wasilikwaruze, maana ni la mkwewe. Mimi watu hawa nawavulia kilemba. Hawakuwa na kitu, na wametupeleka mahali ambapo hakuna aliyetupeleka.

Sasa hasira. Umeuliza kwa nini asirudi, kawa lipo. Bwanausi, kawa halikupelekwa na yeye. Alipelekwa na watu, na watu wale hakuna hata mmoja aliyemwita. Anapunga taa na wao wanashindana nani ana macho. Arudi kwa neno la nani?

Na unaniambia siku zipo. Nitakuandikia waziwazi, maana mafumbo tumeyachoka. Talaka yako ni moja, rejea ni yako. Ukiniambia nirudi kabla mwezi wa Idi haujaandama, kwa mdomo au kwa barua, mimi ni mkeo kama zamani. Ukiandama kabla ya neno lako, basi tena, tumekuwa watoto wa mjomba na shangazi tu. Neno hilo silidai, na sitalidai. Lakini nataka ujue kwamba nikiliona nitafurahi. Nyumba ile naikumbuka, na mwenye nyumba pia, na hapa nimekuwa mgeni anayesaidia kupika.

Lori la Mbaruku linakaa siku nne njiani, na Msata hulala. Ukiandika, andika mapema.

Binti wa mjomba wako,
Chausiku


Kipumbwi
Ijumaa, 19 Novemba 1971 (mwezi thelathini Ramadhani)

Kwa Chausiku.

Assalaam alaykum. Mimi mzima, na kwa uwezo wa Mungu kesho tutasali Idi.

Najua umengoja. Nilikaa kuandika mara nyingi, nikafika kwenye salamu nikakwama. Nilijiambia nikiandika mapema utasema nimeshindwa kukaa bila wewe, na watu watasema Bwanausi ameacha kwa mdomo mmoja akarudia kwa mdomo ule ule. Nikasema nitangoja mpaka siku ya mwisho, ili ijulikane kwamba nimerejea kwa hiari yangu. Siku ya mwisho ni leo, jua bado liko juu, na mashahidi ni Mbaruku na imamu, wametia sahihi hapa chini.

Chausiku binti Mrisho, nimekurejea. Wewe ni mke wangu. Mbaruku anaondoka Jumapili, panda naye akirudi.

Jana kulikuwa na kelele kidogo. Somoe alitoka nje akasema ameuona mwezi, mwembamba, juu ya minazi. Watu wakanijia mbio. Nilitazama, nikawaambia ni ukingo wa wingu, waendelee na funga. Redio ya Mbaruku betri zimelala, kwa hiyo hapakuwa na mabishano marefu. Ingekuwa jana, mambo yetu yangeharibika.

Nimenunua tende. Nyumba nimeifagia, isipokuwa nyuma ya pipa.

Mumeo,
Bwanausi


Dunda, Bagamoyo
Jumatano, 24 Novemba 1971

Kwa mtoto wa shangazi yangu, Bwanausi.

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, kaka mzima. Idi hapa tuliisali Ijumaa.

Soma sentensi hiyo tena, nami nitangoja.

Mwezi uliandama Alhamisi, Bwanausi. Mji mzima waliuona. Mimi niliuona kwa macho yangu nikiwa uani kwa kaka, mwembamba, umelala chali, na nilisimama chini yake mpaka ukazama, nikijua kwamba saa ile eda yangu imekwisha na neno lako halikufika. Sikulia. Niliingia ndani nikachambua mchele wa Idi. Leo asubuhi ndipo Mbaruku akaniletea barua iliyoandikwa Ijumaa, inayoniita mke.

Kaka Kombo anasema isiwe taabu. Anasema wewe ulikuwa Kipumbwi, na Kipumbwi mlifunga siku thelathini, kwa hiyo barua yako iko ndani ya siku, tufuate hesabu ya kwenu. Ametaka nifungashe. Mimi nilikwenda kwa Shehe Haji nikamweleza yote. Akaniambia maneno ambayo miaka yote sikuwahi kuyasikia. Alisema eda ni amana ya mwanamke, yeye ndiye mwenye kuijua na kauli ni yake. Akisema imekwisha, hakuna wa kumbishia. Akaniuliza, "Wewe wasemaje?"

Nimesema imekwisha.

Usidhani nimesema kwa kukukomoa. Njia ya kurudi ilikuwa wazi na kaka ameushika mlango. Lakini nilifikiri hivi. Mwaka wa thelathini na tisa baba yako alimwandikia baba yangu barua, baba yangu akamjibu, mimi nikaambiwa nioge. Mwaka huu umeniacha, sikuulizwa. Umenirejea, sikuulizwa vilevile, umewauliza Mbaruku na imamu. Nimekuwa mkeo miaka thelathini na miwili, na mpaka leo hakuna mtu aliyeniuliza kama nakutaka. Na jibu ninalo.

Kwa hiyo sasa wewe ni mwanamume na mimi ni mwanamke, hakuna linalotufunga. Ukinitaka, posa. Mahari sitaki makubwa. Barua ya posa usimwandikie kaka, niandikie mimi. Na Somoe alisema kweli Alhamisi ile, unajua hivyo au hujui, mimi sipo huko kukwambia.

Binti wa mjomba wako,
Chausiku


Kipumbwi
Ijumaa, 3 Desemba 1971

Kwa Bibi Chausiku binti Mrisho, Dunda, Bagamoyo.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya kukuamkia kwa heshima, na kukutakia afya wewe na jamaa zako wote, mimi mwenye jina lililo chini naleta

Nimeikata hapo. Nilikuwa nanakili maneno ya marehemu baba, nikaona si yangu.

Chausiku, Alhamisi ile sikuliona wingu. Niliwaambia watu ni wingu, na wingu lenyewe sikuliona. Sikuona kitu. Minazi yenyewe naijua mahali ilipo kwa sababu niliipanda. Tangu mwaka jana kitu cha mbali ni moshi tu, na kila mwandamo nimekuwa nikingoja mtu wa kwanza apige kelele, kisha nanyosha kidole kule alikotazama. Magharibi ya Rajabu nilinyosha vibaya, ukanisahihisha, na badala ya kushukuru nikakuacha. Nimewafungisha watu siku ya Idi, nawe unajua hilo ni jambo la namna gani.

Nilipopata barua yako nilikwenda kwa Somoe, nikamwomba radhi mumewe akiwapo. Kisha juzi baada ya sala ya magharibi nilisimama msikitini nikasema kama nilivyokuandikia hapa, na kwamba watafute mtazamaji mwingine. Mmoja baada ya mwingine walikuja kunipa mkono. Mzee mmoja akaniambia walijua zamani. Nilidhani ningekufa kwa aibu. Nilikwenda nyumbani nikala wali wa Somoe, nikalala usingizi mzuri.

Sasa nakuuliza, jambo ambalo sikukuuliza nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Mimi mzee, macho yananiacha, hasira ninazo ingawa nimezipunguza, na najisifu kuliko ninavyostahili. Nyumba unaijua. Nikiona jambo zuri nataka kukusimulia, nikiwa na jambo baya nataka unibishie. Nakutaka, Chausiku. Si kwa sababu ya kupikiwa. Nakutaka wewe. Je, na wewe wanitaka?

Ukisema hapana, nitabaki mtoto wa shangazi yako na sitanung'unika mbele za watu.

Mwenye kuposa,
Bwanausi


Dunda, Bagamoyo
Ijumaa, 10 Desemba 1971

Kwa Bwanausi, Kipumbwi.

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mzima sana.

Barua yako Mbaruku aliifikisha Jumatano. Kaka Kombo alinyosha mkono kuipokea, kama ilivyo ada, nikamwambia hii ya kwangu. Nilikwenda kukaa nayo uani. Nimeisoma polepole, na pale ulipoandika kwamba hukuona kitu nilisimama kidogo, nikajifuta uso kwa kanga, ndipo nikaendelea.

Ndiyo, nakutaka. Nilikutaka tangu nikiwa na miaka kumi na minane, ila kauli yangu haikuhitajika.

Shehe Haji atatufungisha Ijumaa ya tarehe ishirini na nne. Jumatatu yake tunakwenda Dar es Salaam, hospitali, wakakutazame macho. Ashatu anasema mama mkwe wake alitolewa mtoto wa jicho, sasa anatunga uzi kwenye sindano. Hilo ndilo sharti langu.

Njoo na lori. Mkifika Msata usishuke peke yako gizani, ngoja Mbaruku akushike mkono. Na mtu akikuuliza pale stendi, mzee unakwenda wapi na kanzu mpya, mwambie unakwenda kuoa.

Mchumba wako,
Chausiku